Haradali Haijengewi Msingi

Dobi alirudi nyumbani jioni, vidole vimekunjamana kwa sabuni na mgongo unamuuma. Kufua nguo za watu kutwa nzima si mchezo. Lakini hakukaa. Alichukua kikapu, akatoka tena kwenda kutafuta mboga.

Mboga yenyewe ni haradali mwitu, ile yenye maua ya manjano na majani yanayowasha ulimi kidogo. Haina mwenyewe, huota kando ya mashamba. Siku hizo wenye mashamba walikuwa wakipulizia dawa ya kuua magugu, na haradali ikafa nayo. Kila jioni Dobi alikwenda mbali zaidi.

"Utaanguka njiani, mama watoto," alisema mumewe, fundi mwashi. "Leta mbegu tupande hapa uani."

Mbegu zikaja. Fundi akatengeneza kitalu kwa ujuzi wake wote. Alipima kwa kamba, akasawazisha, akashindilia udongo kwa gogo hadi ukawa sakafu. Kisha akatoboa mashimo marefu kwa msumari, akafukia mbegu.

"Hapo hata mafuriko hayaondoi kitu," akajisifu.

Kweli hakikuondoka kitu, wala hakikuota kitu. Dobi alimwagilia hadi akachoka. Mbegu zilizobaki zilijaa kiganja tu, na kule mashambani hapakuwa na mmea hata mmoja wa kuchuma nyingine. Akachuchumaa kando ya kitalu, akalia.

Jirani yao, mama muuza miche, akasikia.

"Shoga, kulikoni? Kuna msiba?"

"Mboga yangu imekataa kuota."

Jirani akabonyeza udongo. Kidole hakikuingia. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Shemeji, unajenga ghorofa?"

"Msingi mbovu, nyumba mbovu," Fundi akajitetea.

"Kwa nyumba, sawa. Lakini kambegu kadogo hivi katapata wapi nguvu ya kupasua sakafu yako? Tifua udongo, utie samadi iliyooza vizuri. Changanya mbegu na mchanga mkavu, zisirundikane. Zinyunyize kwa mistari, funika kwa udongo kidogo tu. Maji yamwage polepole."

"Halafu?" Dobi akauliza, akijifuta machozi.

"Miche ikisongamana, ing'oe mingine uipike. Chuma majani kabla mmea haujatoa maua, maana ukishachanua majani huwa machungu. Ila michache iache izae mbegu. Maganda yakigeuka manjano, kata. Ukingoja yakauke shambani yatapasuka, mbegu zimwagike zote."

"Kumbe!" Fundi akakuna kichwa. "Ningeuliza mapema."

"Kuuliza si ujinga, shemeji. Lete jembe."

Safari hii Dobi alipanda mwenyewe. Fundi alipewa kazi ya kuchota maji na kufukuza kuku. Gogo lilipigwa marufuku.

Haradali ikaota. Kwanza ilikuwa kama nyuzi za kijani, kisha ikajaza kitalu. Fundi akawa anawaonyesha wageni kitalu hicho kana kwamba ni nyumba aliyoijenga yeye, na Dobi akamwacha ajidai.

Jioni moja Dobi alirudi kutoka kufua, miguu mizito. Alikuta majani yameshachumwa na kuoshwa, sufuria iko motoni. Akavuta kiti, akakaa, akanyoosha miguu.

"Umechoka, mama watoto?"

"Nimechoka sana," alisema. "Lakini leo nimechoka kwa kazi moja tu."