Vipande Sita vya Chaza

Kila alipotoka shule, Kiherehere alinawa mikono na kwenda kukaa katika karakana ya shangazi yake. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, wala hakupewa bure. Shangazi alikuwa fundi wa magamba ya chaza. Aliyakata, akayasugua ndani ya maji mpaka yakang'aa, na watu wa makumbusho walimletea mapambo ya kale ayatengeneze.

Siku hiyo mezani palikuwa na mkufu wa kale wa vipande arobaini. Sita vilikuwa vimepotea, na Kiherehere alikuwa amekata sita vipya kwa mkono wake, wiki nzima.

"Bwana wa makumbusho anakuja saa kumi," shangazi alisema. Kisha akauinamia mkufu. "Vipya viko wapi?"

"Vimo humo humo, shangazi. Vilikuwa vyeupe mno, nikaviloweka kwenye chai ya rangi, nikavitunga pamoja na vingine. Huwezi kuvijua."

"Na wewe unavijua?"

Kiherehere alitazama, akatazama tena. Hakuvijua.

Shangazi alikaa, akasimama, akakaa tena. "Mtoto huyu atanitoa roho. Nani alikutuma?"

Machozi yalimlenga Kiherehere. Kazi nzuri namna ile, na badala ya asante anasemwa. "Lakini sikudanganya mtu."

"Hukudanganya kwa mdomo, umedanganya kwa chai. Watu wataonyeshwa kazi yako waambiwe ni ya wahenga. Yule bwana asipoweza kuvitenga vipya na vya kale, hataupokea mkufu huu, na mimi hataniletea kazi tena. Kata uzi."

Alimsogezea taa. "Wale wa kale walitoboa kwa jiwe, upande huu kisha upande huu. Tundu lao ni pana nje, jembamba katikati. Wewe umetoboa kwa keekee ya chuma, tundu lako limenyooka. Haya, tafuta."

Kimoja kimoja, Kiherehere alichungulia matundu arobaini. Shingo ilimuuma, na hasira zilimpanda kila alipofikiria ile chai. Cha sita alikipata saa tisa na nusu. Shangazi alivikagua vyote, akatia kitone cha wino nyuma ya kila kipya, wakautunga mkufu upya.

Bwana wa makumbusho alipofika, Kiherehere mwenyewe alimwonyesha vitone na kumweleza habari ya chai. Bwana aliandika yote, kisha akasema, "Umekata vizuri sana, binti."

Alipoondoka, shangazi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umesikia? Amekusifu kwa sababu amejua ni vyako. Kazi nzuri haitaki kufichwa, mwanangu. Ungeificha, sifa zako angepewa marehemu. Sasa kamwage hiyo chai."