Sauti Katika Tundu Moja

Rafiki yangu, fundi wa redio za ndege, aliwahi kuunganisha simu, redio ya muziki na king'ora cha hatari kwenye tundu moja la vipokea sauti vya rubani, bila vizuizi vya kuvitenganisha. Muziki ukameza onyo. Rubani, mume wa dada yake, akaanguka na ndege. Fundi akaapa kwamba marehemu alikuwa mlevi. Maskini, alisahau kwamba damu ya mwenye haki hulia kutoka ardhini.

Mchana mmoja akapewa ndege nyingine, kazi ileile. Rubani mpya akavaa vipokea sauti, akacheka.

“Fundi, una ndugu humu? Kuna mtu anakuita shemeji. Anasema upande ndegeni, kiti chako amekutunzia.”

Fundi akatazama chini. Nyaya zote zilikuwa bado mkononi mwake, hakuna hata mmoja uliounganishwa.