Jiji Lilipojiunga na Wenzake

Filister Aluoch alikuwa mtu ambaye mikono yake haikai bure, wala mdomo wake. Kila asubuhi alikanda udongo mbele ya chumba chao pale mtaa wa Lindi, Kibera, jijini Nairobi. Akikanda, alimtegea binti yake Adhis vitendawili.

"Kitendawili."

"Tega," Adhis akasema. Alikuwa anafunga kamba za viatu vya shule.

"Nyumba yangu nje ni mabati, ndani ni udongo, na mgeni wake ni moto."

"Hiyo ni rahisi. Jiko."

"Nani alikuambia?"

"Si ndiyo kazi yako, Mama?"

Kweli, ndiyo iliyokuwa kazi yake. Filister alifinyanga vile vyungu vinavyokaa ndani ya jiko la makaa, vyenye matundu chini ya kupitisha majivu. Alijifunza kwa mama yake kule kijijini kwao, Ugenya. Mama yake alipima kwa shibiri, na Filister naye alipima kwa shibiri. Kwao, mfinyanzi aliyeshika rula angechekwa mpaka aone aibu ya kutoka nje.

Mabati yalikuwa kazi ya Wambua. Huyu alikuwa fundi wa jua kali, agongaye bati nje bila karakana, kule mtaa wa Kawangware, mtu wa Machakos, mwingi wa maneno. Alikuja Lindi na mkokoteni, akapakia vyungu, akarudi Kawangware kukata mabati. Yeye pia hakuwa na kipimo. Alishika chungu, akakizungushia bati, akaweka alama kwa msumari, akakata. Kila chungu kilipata nguo yake, kama mtu aliyeenda kushonewa suti.

"Jiko yangu haivai nguo ya jiko ingine," Wambua alipenda kusema. Alisema hivyo kwa kujivunia.

Basi maisha yakaenda hivyo miaka mingi. Halafu mambo yakabadilika.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Mvua ya El Nino ilikuwa imeisha, na barabara zilikuwa zimeanza kupitika tena. Malori yalianza kuleta majiko kutoka miji mingine. Yalipangwa sokoni Kawangware, yote sawasawa kama watoto wa shule mstarini. Watu wakayapenda. Wambua akaanza kuja Lindi mara chache. Vyungu vya Filister vikajaa chini ya kitanda, vikatokea upande wa pili.

Jioni moja mumewe, Dalmas Opondo, alirudi kutoka kibarua Industrial Area. Alijikwaa kwenye chungu. Akakaa, akavua viatu polepole.

"Mama Adhis, tusidanganyane," akasema. "Kibarua changu peke yake hakitoshi. Shule zikifungwa, wewe na Adhis mwende nyumbani mlime. Mimi nitabaki hapa nitume kitu kidogo."

"Na wewe utakaa na nani?"

"Na hivi vyungu vyako."

Filister hakucheka. Hakutaka familia yake igawanyike, nusu Ugenya na nusu Nairobi. Lakini alichukua gunia safi, akaanza kutia ndani nguo ambazo hazivaliwi kila siku. Gunia akaliweka nyuma ya mlango. Kila alipofunga mlango, aliliona.

Siku chache baadaye, alikuwa kwenye foleni ya maji. Wanawake walikuwa wanazungumza habari waliyoisikia kwenye baraza la chifu. Jiji la Nairobi lilikuwa limejiunga na umoja wa maendeleo ya uchumi, pamoja na miji mingine ya upande huu wa Afrika.

"Jiji limejiunga?" mmoja akauliza. "Limeenda na miguu gani?"

"Limekaa kwa kiti gani huko kwa mkutano?" mwingine akasema. Wakaangua kicheko.

"Wacheni kucheka," akasema mwanamke aliyekuwa mbele kabisa. "Ni huo umoja unaleta hizo jiko zingine. Watatumaliza."

Filister alirudi na mtungi wake kichwani, na neno lile likamkaa kichwani kuliko mtungi. Jiji linajiungaje? Nani anakwenda kwa niaba yake? Na likishajiunga, mtu wa Lindi anapata nini, au anapoteza nini? Lilikuwa kama kitendawili, na Filister hakuweza kulala na kitendawili kisichoteguliwa.

Kesho yake akafunga kitambaa kichwani, akaenda kwenye ukumbi wa kijamii. Hapo palikuwa na mfanyakazi wa maendeleo ya jamii aliyeitwa Wangoi. Alikuwa mwanamke mpole, na mezani kwake hapakosi chupa ya chai.

"Karibu, Mama Adhis. Umeniletea chungu?"

"Nimekuletea swali, Madam. Jiji linajiungaje na umoja? Mimi nikijiunga na chama, naenda mwenyewe, naonekana."

Wangoi akamimina chai vikombe viwili. "Mko na chama cha akina mama huko Lindi?"

"Tuko nacho."

"Mnakifanyia nini?"

"Tunanunua vitu pamoja. Mtu akienda peke yake soko la Gikomba anauziwa kama mgeni. Tukienda wengi, wanatuheshimu."

"Basi na miji ni hivyo hivyo," Wangoi akasema. "Mji mmoja peke yake hausikiki. Miji mingi ikikaa pamoja, inaweza kusema: barabara hii itengenezwe, soko lile lifunguliwe, mfanyabiashara wa kwenu asisumbuliwe kwetu. Jiji halina miguu, ni kweli. Baraza la jiji linatuma wajumbe. Wajumbe wanazungumza kwa niaba yetu."

"Kwa niaba yangu? Hakuna aliyeniuliza."

"Hapo umesema jambo la maana. Diwani wako yuko. Akija mtaani, muulize ni nini kilisemwa huko. Ni haki yako kuuliza, na ni kazi yake kujibu."

Filister akanywa chai, akafikiri. "Na hizi jiko za watu wengine? Si ni huo umoja umezileta?"

"Biashara ikifunguliwa, ni mlango umefunguliwa. Mlango una pande mbili. Wao wanaingia kwako, na wewe unaweza kuingia kwao. Lakini mlango haukubebi mgongoni. Ni wewe utatembea."

"Nitembee niende wapi?"

"Mwezi huu kuna maonyesho hapa Nairobi, ya mafundi wa miji yote ya umoja. Wanunuzi watakuja. Chama chenu kimeandikishwa, kwa hivyo mnaweza kupata nafasi. Lakini kuna jambo moja. Hiyo miji imekubaliana juu ya vipimo. Uangalie vipimo vyako."

Filister akanyoosha kiganja chake juu ya meza. "Vipimo vyangu ni hivi hapa. Havijawahi kupotea."

Wangoi akacheka, naye Filister akacheka. Chai ikaisha, na neno la vipimo likapita hivyo hivyo.

Filister akaenda mpaka Kawangware kumtafuta Wambua. Alimkuta amekaa juu ya kipande cha reli, anagonga bati.

"Fundi, twende maonyesho."

"Maonyesho ya nini? Mimi sina suti."

"Jiko ndiyo itavaa suti."

Wambua aliupenda utani huo, akakubali. Wakatengeneza majiko mazuri kuliko yote waliyowahi kutengeneza. Wambua aliyapaka rangi nyekundu. Filister alivilainisha vyungu kwa jiwe la mtoni mpaka vikang'aa.

Siku ya maonyesho, mnunuzi mmoja alisimama mbele ya meza yao. Aliitwa Mzee Wepukhulu. Alikuwa na duka kubwa huko magharibi, naye aliuza majiko mpaka ng'ambo ya mpaka. Aliligonga bati kwa ukucha. Akakigonga chungu, akakisikiliza kikilia.

"Udongo mzuri," akasema. "Umechomwa vizuri. Bati pia si ya mchezo."

Filister akamkanyaga Wambua mguu chini ya meza, kwa furaha.

Halafu Mzee Wepukhulu akafanya jambo ambalo hawakulitarajia. Alitoa chungu kwenye jiko la kwanza. Akatoa kingine kwenye jiko la pili. Akavibadilisha. Chungu kimoja kikakwama juu, kama mtu mnene kwenye mlango mwembamba. Kingine kikadumbukia ndani mpaka chini.

"Mzee, usichanganye," Wambua akasema. "Kila jiko iko na chungu yake."

"Hilo ndilo tatizo, fundi. Ni kipi kinachovunjika kwanza, bati au chungu?"

"Chungu," Filister akajibu.

"Haya. Mteja wangu akivunja chungu, atafanya nini? Apande basi aje Kibera na jiko kichwani, apimiwe?"

Wambua akavirudisha vyungu, kila kimoja kwenye jiko lake. Neno alilokuwa akijivunia miaka yote lilikuwa limekuwa mzigo.

Mzee Wepukhulu akatoa mfukoni pete ya chuma, pana kama mdomo wa sufuria ndogo. "Hii ndiyo pete iliyokubaliwa na miji ya umoja. Iko katika kila mji. Chungu kikipita hapa bila kukwama na bila kucheza, kitaingia kwenye jiko lolote la mji wowote. Nendeni mkachukue yenu. Mkifaulu, mimi nitarudi kabla shule hazijafungwa."

Kabla shule hazijafungwa. Filister alilikumbuka gunia nyuma ya mlango.

Wangoi aliwapatia pete. Hakumkumbusha Filister neno la vipimo alilomwambia siku ile ya chai. Filister alirudi Lindi, akafinyanga vyungu vipya, kila kimoja akikipitisha ndani ya pete kikiwa kibichi. Vyote vilipita vizuri sana. Akavikausha, akavichoma kando ya mto, pale penye nafasi, kwa vumbi la mbao kutoka kwa maseremala. Moto ulipopoa akavipima tena. Vyote vilicheza ndani ya pete kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba.

Adhis alikuwa anamtazama. "Mama, vimekonda."

"Udongo ukikauka hunywea," Filister akasema. "Moto nao huumaliza. Mkono wangu ulijua hivyo. Pete haijui."

Akakaa chini, akaitazama pete, akautazama mkono wake. Alitaka kujua ni kiasi gani udongo unanywea. Akafinyanga chungu kikubwa kidogo, kingine kikubwa zaidi, kingine zaidi ya hapo. Kila kimoja alikitia alama, na kabla hakijakauka akakata kijiti cha upana wake. Akavichoma. Kimoja tu kilipita kwenye pete kama kidole kinavyoingia kwenye pete yake ya harusi. Akapeleka kijiti cha chungu hicho Kawangware, na Wambua akapinda chuma, akatengeneza pete ya pili, kubwa kuliko ya kwanza.

"Sasa uko na pete mbili, kama tajiri," Wambua akasema.

"Kubwa ni ya udongo mbichi. Ndogo ni ya udongo uliochomwa. Na wewe je?"

Wambua akainua kipande cha bati bapa. Alikuwa amekikata kufuatana na pete, na sasa alikitumia kuchorea mabati yote. "Mimi nimeacha kushona suti," akasema. "Nashona uniform."

Dalmas alitazama haya yote kila aliporudi kutoka kibarua. Jioni moja Filister alimkuta ameshika pete ndogo, anapitisha chungu kimoja baada ya kingine.

"Hiki kinakwama," akasema, akakiweka kando. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akikagua.

Mzee Wepukhulu alirudi kama alivyoahidi. Alibadilisha vyungu mara nyingi, mpaka akachoka mwenyewe. Kila chungu kiliingia katika kila jiko. Akatoa oda kwa chama, na oda hiyo ilitosha kuwapa kazi hata wafinyanzi wengine wa Lindi.

Lakini jambo lililomshangaza Filister zaidi lilitokea baadaye, asubuhi ya kawaida tu. Mwanamke mmoja aitwaye Mumbi alikuja kutoka Kawangware, amebeba jiko kwenye kiondo.

"Hujambo, Mama Adhis. Nimeambiwa unauza vyungu. Yangu imepasuka."

Filister akalitazama jiko. Halikuwa la Wambua. Lilikuwa mojawapo ya yale yaliyoletwa na malori, yale aliyoyaogopa.

"Hii imetoka mbali," akasema.

"Sasa nitaipeleka huko mbali?"

Filister akachukua chungu kimoja, akakiteremsha ndani ya bati la mji asioujua. Kikakaa. Akakitingisha, hakikucheza.

"Na jirani zangu wako na jiko kama hii," Mumbi akasema. "Nitawaleta."

Siku shule zilipofungwa, Dalmas aliingia akamkuta Filister ameliinamia lile gunia. Alikuwa anatoa nguo, anazirudisha kwenye sanduku. Gunia lilipobaki tupu, akalikung'uta mlangoni, akaanza kupanga ndani vyungu vya kupeleka Kawangware.

"Shika huku, Baba Adhis," akasema.

Dalmas akashika mdomo wa gunia.

"Kitendawili," Filister akasema, huku akipanga.

"Tega," Adhis na baba yake wakasema pamoja.

"Ni mwanachama, hana miguu ya kwenda mkutanoni, lakini akijiunga ananifungulia mlango nitembee mwenyewe."

Adhis alijua jibu, maana maneno ya Wangoi walikuwa wameyasikia kwa Filister mara nyingi, lakini akamwachia baba yake nafasi.

"Ni jiji," Dalmas akasema. Akaliinua gunia, akalitia begani, akatoka nalo.