Walimu Wanaokabidhiana Zamu

Mwalimu Rejitha alichelewa tena. Alipoingia darasani, sari imekwenda upande, wanafunzi wa uuguzi arobaini walikuwa wamelizunguka sanamu la mazoezi. Madamu Aleyamma, mwalimu mkuu wa zamu, alikuwa akilifunga bendeji.

"Karibu, bibi harusi," alisema Aleyamma. "Hata huyu wa plastiki kakuwahi."

Wanafunzi wakacheka. Rejitha naye akacheka, maana angefanya nini? Lakini mkobani, chini ya muhogo na samaki wake, ilikuwamo barua ya kuacha kazi. Aliipenda kazi ile kuliko sari zake zote, na sari alizipenda sana.

Saa ya chai hakula. Kunjamma, mtunza stoo, akamwona.

"Muhogo umekukosea nini, mwanangu?"

"Mtoto ana homa siku ya tatu, mama. Baba yake yuko kazini Omani. Silali, na tangu jana sijala."

"Wenzako wanajua?"

"Nani kaniuliza?"

"Basi niruhusu nikusemee."

Kunjamma akamwendea Aleyamma na kikombe chake mkononi. "Madamu, nikukabidhi mgonjwa, kama mnavyokabidhiana zamu wodini. Mwanamke, miaka ishirini na tisa. Hajalala siku tatu. Tangu jana hajala. Asubuhi kachekwa na watu arobaini."

Aleyamma akaweka chai chini. "Nani kamwacha hivyo? Ale, apumzike. Yuko kitanda gani?"

"Kiti kile cha dirishani."

Aleyamma akainuka, akamwendea Rejitha dirishani.

"Tunawafundisha watoto wa watu wasimwache mgonjwa bila kumkabidhi," alisema. "Sisi wenyewe tunaachana kila siku. Nisamehe, Rejitha. Kipindi cha mchana nakichukua mimi. Kula, uende kwa mwanao."

Kesho yake aliomba radhi tena, mbele ya wale wale arobaini.

Tangu hapo, kila asubuhi walimu hukabidhiana kwa dakika tano: nani hakulala, nani kaelemewa, nani atampokea mzigo. Mwenye kosa huambiwa faraghani. Wanafunzi nao waliona. Wodini wakaanza kuuliza kabla ya kufoka.

Mwezi uliofuata Aleyamma alijikabidhi mwenyewe. "Mwanamke, miaka hamsini na nane. Magoti yanauma. Ulimi mkali."

"Ngazi nitakupandia mimi, madamu," alisema Rejitha. "Huo ulimi ndio wa kupeleka hospitali kubwa."

Aleyamma alicheka hadi akashika meza. Rejitha akamsogezea ndizi za kukaanga, zimefungwa kwenye karatasi. Ilikuwa ile barua, na mafuta yalishayala maneno yote.