Kopo la Majani ya Chai

Majirani zangu wa Mishomoroni, asubuhi hiyo nyumba ilikuwa shwari. Kafedha alikaanga mahamri, mama mkwe wake, Mapenzi, akikuna nazi na kuimba wimbo wa kanisani. Kisha Mapenzi akafungua kopo la majani ya chai.

"Kafedha!"

"Abee, mama."

"Vidonge hivi ni vya kupanga uzazi, sivyo? Miaka minne twangoja jina la Mzee, nawe walizuia kwa vidonge ulivyoficha ndani ya majani ya chai!"

Kafedha aliinama. Damu ilikuwa imemtoka miezi mitatu mfululizo. Daktari alipompima kizazi, akakuta utando wa ndani umenenepa vibaya. "Si saratani bado, ila yaweza kuwa," alimwambia. "Hii ni homoni ya kutengenezwa maabara, mfano wa ile ya mwilini mwako. Huenda ikaizuia. Meza miezi sita, kisha nikupime tena. Mimba itasubiri."

Itasubiri! Kwa Wagiriama mjukuu hurudisha jina la babu, na Mzee Mwarandu, marehemu mume wa Mapenzi, alikuwa kaburini bila wa kuitwa jina lake.

"Ni dawa ya damu, mama."

"Damu ya mwanamke hutulizwa na mtoto!"

Lenox, mumewe, aliporudi kutoka bandarini alisema tu, "Msikize mama. Sisi wanaume haya hatuyajui."

Ah, Lenox! Hukujua, wala hukuuliza.

Vidonge vya miezi mitano iliyosalia vikatupwa chooni. Damu ilikoma kwa muda, Mapenzi akaanza kufuma kofia ya mtoto. Damu iliporudi akasema, "Mimba imeharibika," na Kafedha akataka kuamini. Mwaka wa pili, kiuno kilipomkatalia kusimama, alirudi kwa daktari yule yule.

"Ulimeza vya muda gani?"

"Mwezi mmoja."

Daktari hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Saratani ilikuwa imefika mapafuni.

Sasa Mapenzi humwogesha na kumlisha uji kwa kijiko. Jana alimwuliza huku akilia, "Nikutafutie dawa gani, mwanangu?"

"Ile ya koponi, mama."

Mapenzi akaenda, akalifungua. Mlikuwa na majani ya chai tu.

FUNZO

Ndugu zangu, kidonge kinachofanana na cha kupanga uzazi chaweza kuwa kinga ya saratani ya kizazi. Hakimkingi kila mtu, lakini Kafedha hakupewa hata nafasi ya kujaribu. Kabla ya kutupa dawa, mwulizeni aliyeitoa. Waume, fuataneni na wake zenu kliniki. Jina la marehemu laweza kungoja. Aliye hai hawezi.