Kitambaa cha Kifuani

Mshika mbili moja humponyoka, husema watu. Uongo. Mshika mbili, zote mbili humshika yeye: moja koo, nyingine kifua.

Muulize Sindano. Jina hilo alipewa kiwandani kwa wepesi wake wa kushona mashati meupe. Mwanawe alipofikisha miezi minne, alirudi kazini. Siku ya kwanza tu maziwa yalichuruzika, yakadondokea kola ya shati alilokuwa akilishona. Msimamizi aliliinua shati juu, wote walione.

"Doa jingine tu, utakwenda kulea nyumbani!"

Kesho yake Sindano alijifunga kitambaa kifuani, akakikaza kama anayefunga mzigo. Mashati yakabaki meupe. Lakini baada ya siku chache titi la kushoto liligeuka jiwe. Mwili ukawaka moto. Mtoto alivuta, akaachia, akalia.

"Maziwa yamekauka, mwanangu," alisema mama mkwe, sufuria ya uji mkononi. "Chagua. Cherehani au mtoto."

"Mama, bila cherehani huo uji utatoka wapi?"

Kilio kilimleta jirani yao, mkunga. Alikiona kitambaa, akakifungua bila kuomba ruhusa.

"Nani kakufundisha ujinga huu?"

"Nilitaka yasivuje, dada."

"Titi si chupa, ukalizibe! Likikaa limejaa, mwili unadhani mtoto hataki, unapunguza kutengeneza. Na yaliyokwama ndiyo yanayokuchoma. Vaa viatu, twende kituo cha afya. Homa hii si ya kulala nayo. Ila kunyonyesha usiache."

Waliporudi na dawa, mkunga alimwonyesha. Nawa mikono. Kidole gumba juu ya sehemu nyeusi ya titi, vingine chini. Sukuma kuelekea kifuani, kamua, achia. Weka maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, kisha kwenye friji. Bibi atamnywesha kwa kikombe.

"Kikombe?" mama mkwe alishtuka. "Mtoto huyu mlevi?"

"Mama, atakunywa akushinde. Uji usubiri afikishe miezi sita."

Sindano aliporudi kazini, asubuhi hiyohiyo aliiacha mashine, akaingia stoo ya vitambaa, akafunga mlango.

"Leo tunakunywa chai ya maziwa!" wenzake walicheka.

Mara mlango ukapigwa ngumi. "Cherehani imenyamaza! Toka!" alifoka msimamizi.

Akitoka sasa, jiwe litarudi. Akichelewa, kazi itakwenda. Alikamua mpaka titi likalegea, ndipo akafungua.

Ikawa hivyo kila siku: ngumi mlangoni, yeye akikamua. Mtoto akajaa mashavu. Mama mkwe hakutaka mtu mwingine aguse kile kikombe.

Hatimaye msimamizi alimwita mbele ya wote.

"Kila siku unaitupa mashine. Omba radhi, au uondoke."

Sindano alimwekea mezani mashati yake yote ya wiki, hesabu imetimia.

"Tafuta doa, mkubwa."

Msimamizi aligeuza kola moja baada ya nyingine. Mashati yaliisha, doa hakuliona.

"Umeniona nikichelewesha kazi?"

"Hapana, lakini..."

Sindano alichukua chombo chake chenye mfuniko, akaelekea stoo.

"Basi radhi siombi. Na kesho pia siombi."