Moyo Unaofagia

Harufu ya chungwa lililomenywa ilianza kusikika katika maktaba ya chuo cha udaktari juma lile lile walipoanza kuandaa Wiki ya Urithi, na kwa kuwa chakula kilikuwa marufuku humo ndani, hatua ya kwanza ya uongozi ilikuwa kubandika tangazo la pili chini ya lile la kwanza. Harufu haikusoma tangazo. Ikazidi.

Mkutubi ndiye aliyeinusa mapema kuliko wote, na ndiye pekee ambaye hakulalamika. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sweta la kijivu ambalo wanafunzi walisema liliajiriwa pamoja naye. Akifungua chumba cha sauti asubuhi, alisimama kidogo mlangoni, akavuta pumzi, kisha akaendelea na kazi kama mtu aliyesalimiwa na jirani.

Chumba hicho kilikuwa nyuma kabisa, baada ya rafu za magonjwa ya ngozi, na ndani yake mlikuwa na kabati la mbao lililojaa kanda za zamani. Profesa mmoja wa moyo, marehemu sasa, alikuwa na mtindo wake wa kufundisha: aliwawekea wagonjwa kipaza sauti kifuani, akairekodi mioyo yao, halafu akawachezea wanafunzi mpaka wajue kwa sikio tu ugonjwa upi unalia vipi. Kanda hazikuandikwa majina ya watu, ila ya magonjwa. Lakini ile iliyoandikwa “Vali mbovu, mtoto”, mkutubi hakuhitaji jina. Alikuwepo siku iliporekodiwa. Yeye ndiye aliyemshika binti yake mkono, na profesa akampa mtoto chungwa ili anyamaze, maana kumnyamazisha mtoto yule ilikuwa shughuli pevu. Nyumbani walimwita Kasuku.

“Baba,” alikuwa akisema, “moyo wangu una mfagizi ndani.”

Na kweli. Ukiweka sikio ulisikia pigo, pigo, kisha sauti laini kama ya fagio sakafuni, shhh, kisha pigo tena. Mama yake alizoea kumlaza huku sikio lake likiwa kifuani kwa mwanawe, kila jioni, mpaka jioni ile mfagizi alipoacha kazi.

Miaka yote hiyo mkutubi alikuwa na ufunguo wa kabati na hakuwahi kuicheza ile kanda. Mwanzoni aliogopa kuisikia. Baadaye aliogopa kwamba akiisikia hatatoka tena mle chumbani.

Sasa Kamati ya Wiki ya Urithi, iliyokuwa na kamati ndogo, na kamati ndogo nayo ikawa na kikosi kazi, ilikata shauri kwamba wananchi watakapofunguliwa milango waoneshwe vyombo vya upasuaji vya kale, ili waogope, na wasikilizishwe mioyo, ili waguswe. Walipochagua kanda ya mtoto, mkutubi angeweza kunyoosha mkono akapinga. Hakunyoosha. Alitamani kuisikia, ila alitaka ionekane ni agizo kutoka juu.

Fundi wa mitambo, mtu mnene asiyeishiwa na utani, ndiye aliyeunganisha mashine.

“Haya, mzee wangu, vaa hedifoni. Ukisikia wanatangaza mpira, ujue nimekosea waya.”

Mkutubi akavaa. Pigo, pigo, shhh. Akaketi bila kutazama kama kuna kiti.

“Inasikika?”

“Inasikika.”

“Mbona machozi sasa?”

“Vumbi.”

“Ndio urithi wenyewe huo,” fundi akasema, akaenda kutafuta nyaya zaidi.

Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kufunga, mkutubi alivaa hedifoni akakaa na mwanawe. Hakumwambia mkewe, angemwambiaje? Akaanza kugundua jambo. Alipokuwa angali mlangoni, funguo zikilia mkononi, moyo uliokuwa ukisikika kwa mbali kwenye hedifoni mezani ulishika kasi, kama wa mtoto aliyesikia hatua za baba yake ngazini. Mtu mwenye akili timamu angeogopa. Yeye alifurahi, akawa anazitikisa funguo kwa makusudi.

Siku ya wananchi ilipofika, Mkuu wa Chuo alihutubia kwa muda ambao vyombo vya upasuaji vingeweza kuota kutu upya, kisha watu wakamiminika. Foleni ya chumba cha sauti ilipita rafu za ngozi ikafika mlango mkuu. Waliingia wakicheka, wakatoka mkono kifuani. Mmoja aliomba maji. Mwingine alikaa chini ukumbini akasema moyo wake unateleza. Ofisi ya mahusiano ikatoa taarifa kwamba ni joto, na nje mvua ilikuwa inanyesha.

Alasiri akaja bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, aliyevaa sare za shule na viatu vya michezo. Msichana akavaa hedifoni, akatabasamu, akafumba macho. Foleni ikangoja.

“Mjukuu wangu, wenzio nao wanataka.”

Msichana akazidi kutabasamu, macho yamefumbwa.

“Wee! Toa hivyo vitu masikioni, usinitie aibu mbele za watu.”

Ndipo midomo yake ikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa nyembamba zaidi, ya mtoto mdogo zaidi, nayo ikasema kwa masikitiko ya mtu aliyesubiri dirishani kutwa nzima, “Baba amechelewa leo.” Mkutubi aliyekuwa akipanga watu foleni alisikia sauti hiyo mgongoni akageuka, akaona kucha za msichana zinaingia rangi ya buluu, kuanzia vidole vidogo kwenda vikubwa, vile vile kama alivyokuwa akiona jioni ambazo hakutaka kuzikumbuka, na harufu ya chungwa ikajaa chumba kizima kama mtu amelimenya hapo hapo puani, akaruka, akazing'oa hedifoni, na mtoto wa watu akamwangukia mikononi, na alipomwekea kiganja kifuani akahisi pigo, pigo, shhh.

Walimbeba wakavuka ua kumpeleka hospitali ya chuo. Daktari akasikiliza, akabadilisha kipimo, akasikiliza tena. Akasema ubovu wa vali namna ile hauji kwa alasiri moja.

“Asubuhi amekimbia mbio akashinda,” bibi akasema. “Asubuhi ya leo, daktari.”

“Sibishi, mama. Lakini hali yake inashuka.”

Mkutubi aliporudi maktaba, watu walikuwa wamekwisha kutolewa na fundi alikuwa ameifungua mashine, utani wote umemkauka.

“Mzee wangu, njoo uone. Au basi, usione.” Akainua utepe wa kanda kwenye taa, nao ulikuwa mweupe, unapitisha nuru. “Ile rangi ya kahawia ndiyo inayobeba sauti. Imebanduka yote, imekuwa unga. Hii ni nailoni tupu. Imekufa zamani.”

“Sasa tulikuwa tunasikia nini?”

Fundi akamwonesha plagi aliyoishika mkononi, haijachomekwa popote. Na hedifoni mezani zikaendelea: pigo, pigo, shhh.

“Mimi,” fundi akanong'ona, “naacha kazi kuanzia sasa hivi. Mwambie mkuu barua itamfuata.”

Mkuu wa Chuo alisema wazi kwamba taasisi ya kisayansi haitambui majini. Kisha akafunga mlango, akashusha sauti, akamuuliza mkutubi, “Unamjua mtu?”

Mganga aliyeletwa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na mkoba, aliyefanana na mkaguzi wa shule. Getini aliandikishwa kama mtaalamu wa unyevu. Akakisoma kitabu cha wageni, akasaini. “Unyevu. Haya. Nimewahi kuitwa mabaya zaidi.”

Magharibi ilikuwa inaingia. Alifukiza ubani katika sahani ya chuma ya upasuaji, iliyoazimwa kutoka kwenye maonesho, akaketi mbele ya hedifoni kama anayemhoji mtoro.

“Wewe ni nani?”

Moshi ukapinda. Sauti ikatoka hedifonini, ya mtoto, ila ilikuwa na uchovu ambao hakuna mtoto aliyeishi kuupata.

“Nilikuwa humu kabla ya kabati. Watu waliingia wakatoka, hakuna aliyebaki. Kisha akaja huyu mdogo, na moyo wake ukabaki. Ulipoanza kumomonyoka niliudaka, pigo baada ya pigo. Ningeuacha upotee?”

“Na mtoto wa watu umemtakia nini?”

“Nimechoka kuubeba bila kifua. Nipeni kiti.”

Mkutubi alijua maana yake: kiti cha jini ni mwili wa mtu aliye hai.

“Hapa hapatolewi kiti,” mganga akasema. “Utatoka kwa mtoto, utatoka na katika nyumba hii.”

Jini hakubishana. Alilia. Alilia kwa kilio cha Kasuku, kile cha kukataa dawa, kilichoanza chini kikapanda, na mkutubi akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Mganga akavua miwani, akaifuta polepole.

“Baba, huyu simwezi peke yangu. Hakushikwa na kanda, ameshikwa na wewe. Kila jioni ulimfungulia mlango. Neno la kumtoa liwe lako.”

“Nikimtoa, na moyo utakwenda?”

“Utakwenda.”

“Wote?”

“Wote, baba yangu. Hakuna mwingine anayeujua.”

Ng'ambo ya ua, dirisha la wodi lilikuwa na taa, na kivuli cha bibi kimeinama juu ya kitanda. Mkutubi alikitazama kwa muda. Mtu mwingine aliwahi kuinama hivyo, kwenye wodi hiyo hiyo, na huyo mtu sasa yuko nyumbani anachambua mchele.

Akavaa hedifoni.

“Toka kwa mtoto wa watu,” akasema, kwa sauti kavu iliyosikika mpaka kwenye rafu za ngozi.

Mganga akaitikia kwa kichwa. Kisha mkutubi akazivua hedifoni, akaziinamia, akazifunika kwa viganja, kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu, akaongeza neno ambalo mganga hakulisikia kwa kuwa alikuwa anazima ubani.

“Njoo nyumbani.”

Hedifoni zikanyamaza. Harufu ikakatika ghafla, ikabaki ile ya karatasi kuukuu. Kabla hawajafunga maktaba, nesi akaja mbio: msichana ameamka, anadai chakula, na bibi yake anamgombeza kwa furaha. Mganga akamtazama mkutubi zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, akafunga mkoba wake. Kumbukumbu za kamati zinaonesha kwamba unyevu ulidhibitiwa.

Njiani mkutubi alipumzika mara kadhaa. Ngazi za nyumbani alizipanda kama mzee sana. Mkewe alikuwa mlangoni na ungo mkononi.

“Umekula chungwa wewe?”

Katika nyumba ile hapakuwa na chungwa tangu mazishi.

“Sijala kitu, mama.”

“Mbona unahema hivyo? Kaa. Kaa, nimesema. Hebu ona kucha zako.”

Akamkalisha kwenye kochi, akamfungua vifungo vya sweta, akamwekea sikio kifuani, kwa mazoea ya mwili ambao haujasahau. Akatulia. Mkutubi aliusikia mwili wa mkewe ukikakamaa, kisha ukilegea kidogo kidogo, kama wa mtu anayeteremshwa kwenye maji ya vuguvugu.

“Anafagia,” akasema.

“Mke wangu...”

“Usisogee.”

“Nitakwambia yote.”

“Sitaki kuambiwa. Na hospitali huendi. Umenisikia? Huendi.”

Giza likaingia chumbani na hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Mchele ulikuwa umemwagika mlangoni. Mama akasogeza mdomo wake karibu na kifua cha mumewe, akaita, kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliyeko uani aje ndani, jioni imeingia.

“Kasuku.”

Na chini ya shavu lake, moyo ukaanza kukimbia.